Aliyeitika Shimoni

Mwalimu Nabalayo alitoka kwenda kununua machungwa jua likizama, siku ileile aliyorudi safari, na alitoka na hasira zake. Mtaa mzima wa Nateete haukuwa na umeme. Ilikuwa ile miaka ya mgao, stima inakuja leo na kesho inakwenda matembezi, na akina mama wa sokoni walikuwa wameshawasha mishumaa katikati ya mafungu ya nyanya. Kila aliyemsalimu alimuuliza habari za Ghana, na kila aliyemuuliza alikuwa na kijisumu chini ya ulimi. Si kila siku mwalimu wa Kiswahili, tena Mkenya aliyepanga vyumba viwili uani, anapandishwa ndege kwenda kuwaongoza watoto wa matajiri kutazama ngome za kale za nchi za watu.

"Umerudi umenenepa, mwalimu," alisema muuza machungwa huku akimchagulia yaliyobonyea. "Mtoto wako yeye ulimwachia nani?"

"Ana mjomba wake."

"Kale, haya basi," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu aliyeshapata cha kwenda kusimulia.

Nabalayo alilipa akaondoka bila kuaga. Lililomuuma ni kwamba maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Nelima, binti yake wa pekee, alisoma katika darasa hilohilo lililosafiri, na alikuwa mmoja wa wasafiri mpaka jioni ya mwisho, malaria ilipomwangusha. Mama mtu alisimama kando ya kitanda, koti mkononi, akamtazama anavyotapika, kisha akaenda. Mkuu wa shule alikuwa ameshasema wazi kwamba akisitasita uongozi wa safari atapewa Mwalimu Akram, na Akram alikuwa anaungoja uongozi huo kama paka anavyongoja kichwa cha samaki.

Langoni kwao alimkuta Zubaida, jirani Mnubi, ameketi nyuma ya karai lake la sambusa.

"Mwalimu, huyo mtoto yako amekosana na mimi?"

"Nelima? Amefanya nini?"

"Amepita hapa sasa hivi. Nasalimia yeye, hajibu. Nasalimia tena, anapita tu, macho mbele. Amevaa ile fulana ya manjano ya safari yenu."

Nabalayo alisimama. Nelima hakuwa na fulana ya manjano. Fulana zile ziligawiwa Entebbe, uwanja wa ndege, na wakati huo Nelima alikuwa kitandani na beseni.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Kwako," alisema Zubaida, akageuza sambusa. "Ameingia kwako."

Uani kulikuwa na harufu. Aliipata kabla ya kufika mlangoni, akasimama kuinusa kwa sababu aliijua, ila hakukumbuka mara moja aliijulia wapi. Chokaa mbichi. Chumvi. Na kitu kingine chini yake...

Kaka yake Wandera alikuwa kizingitini, anapiga rangi viatu vya mitumba vya kuuza kesho yake.

"Nani ameingia humu?"

"Nelima. Ametoka chooni."

"Umemwona uso?"

"Dada, mtoto nimemnywesha uji wiki nzima wewe ukiwa unatalii na watoto wa watu. Sasa bado unataka nimwangalie uso?"

Alimruka akaingia. Nelima alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, amevaa gauni lake la kulalia lililochanika begani. Kutoka mlangoni mpaka ubavuni mwa kitanda sakafu ilikuwa na vumbi jeupe, jembamba, kama mtu amemwaga unga akaufagia vibaya.

"Nelima."

Mtoto hakugeuka.

"Nelima, nimekuletea machungwa."

Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anasikia, hilo Nabalayo aliliona, lakini alisikia kama mtu anavyosikia jirani akiitwa, jambo lisilomhusu. Nabalayo alimshika bega. Hapo ndipo Nelima alipogeuka, akatabasamu, midomo imekauka.

"Mama, umerudi saa ngapi? Mbona siku hizi huniiti?"

Nabalayo alitoka nje akamkalia Wandera mbele. Alimuuliza mambo haya yalianza lini, na Wandera, kwa mara ya kwanza, aliacha utani.

"Jumatano. Homa ilikuwa imeshuka, anakunywa uji vizuri tu, anacheka. Mara akaweka kikombe chini, akatazama nyuma yake. Kama mtu amenyang'anywa kitu. Tangu hapo ukimwita hasikii mpaka umguse."

Jumatano.

Jumatano walikuwa shimoni.

Na sasa hatuna budi kurudi nyuma tushuke huko shimoni, maana ndiko balaa lilikookotwa. Ngome yenyewe iko pwani ya Ghana. Kwa nje ni nyeupe mpaka inaumiza macho. Juu kuna kanisa na vyumba vya magavana vyenye upepo mzuri. Chini ndiko walikofungiwa watumwa waliongojea meli, mamia kwa mamia gizani, na wengi wao hawakuiona meli wala jua tena. Wanafunzi walishuka wakicheka na kusukumana, kama wanafunzi wa popote. Walipofika chini walinyamaza wenyewe. Ni ile harufu. Miaka mia mbili ya ufagio na chokaa haikuwa imeitoa.

Mwongoza wageni wa pale alikuwa na desturi ya kuzima taa kwa muda ili wageni waonje giza la kweli. Akazima.

Giza lile halikuwa la kuzoeleka. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akamfuata, na punde wakawa wanakanyagana. Mwalimu mwingine angewaombea. Mwingine angepiga kelele wawashiwe taa. Nabalayo alifanya kile alichokifanya kila asubuhi ya maisha yake ya ualimu: aliita majina. Katika shule ile inayosema Kiingereza kutwa, darasani kwake ilikuwa sheria kuitikia kwa Kiswahili, "Nipo, mwalimu", na sheria ya pili ilikuwa kwamba aliyechelewa husimama nje. Hakuhitaji kusoma popote. Majina yale alikuwa nayo kichwani kwa mpangilio wake.

"Acayo."

"Nipo, mwalimu."

"Habibah."

"Nipo, mwalimu."

Kilio kikapungua. Sauti yake ikashika mwendo wake wa kila siku, na ulimi ukishashika mwendo hauingoji akili. Baada ya Mukasa huja Nelima. Siku zote baada ya Mukasa huja Nelima.

"Nelima."

Alipokwisha kulitamka ndipo alipokumbuka homa, na beseni, na mtoto aliyemwacha Nateete. Akafungua kinywa ataje jina linalofuata.

"Nipo... mwalimu."

Ilitoka kona ya mbali. Ilitoka chini, usawa wa magoti. Ilisita katikati, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu sana bila kusema.

Nabalayo hakuogopa, alikasirika. Wanafunzi wana mtindo wa kuwaitikia wenzao watoro, na mwalimu yeyote aliyeshika chaki anaujua. Akasema mchekeshaji huyo atamshughulikia wakifika juu, kisha akaita, "Obwona," na kazi ikaendelea. Taa ilipowashwa watoto wote walikuwa wamejibana mlangoni. Kona ile ilikuwa tupu. Aliyekuwa karibu nayo ni Mwalimu Akram peke yake, mkono ameuweka shingoni, anamtazama Nabalayo bila kupepesa. Nabalayo aliona ni kijicho chake cha kawaida, hakumuuliza kitu.

Basi hayo ndiyo aliyoyakumbuka akiwa ameketi uani Nateete, machungwa mapajani. Hakulala usiku ule. Kulipokucha alimkokota Nelima mpaka zahanati, kwa maana mwalimu ni mwalimu, hujaribu vidonge kwanza.

Zahanati ilijaa. Walipata nafasi mwisho wa benchi, wakakaa, Nelima amemwegemea mama yake kama mzigo wa nguo. Foleni ilisogea polepole. Hatimaye muuguzi alitokeza kichwa mlangoni.

"Nelima."

Nabalayo aliinua mkono amguse mtoto begani, kama alivyokwisha kujifunza. Mkono haukuwahi kufika.

"Nipo."

Ilitoka nyuma yao.

Muuguzi alitazama juu ya vichwa vyao, akatabasamu. "Kuja, mama, usiogope."

Nyayo zikapita. Nyayo tupu, zenye majimaji, pah... pah... pah... kandokando ya benchi. Watu waliokaa walivuta miguu yao ndani kumpisha mpita njia, mmoja baada ya mwingine, wakiendelea na mazungumzo yao. Nabalayo alihisi ubaridi ukimgusa goti. Akapata ile harufu. Alipogeuka aliona mlango wa daktari unafungwa, na katika ufa wake kipande cha kitambaa cha manjano.

Aliruka. "Muuguzi, Nelima ni huyu hapa. Nelima ni wangu."

"Nyabo, mama yangu, Nelima ameingia kwa daktari. Wewe ngoja zamu yako."

"Aliyeingia si Nelima."

"Ameitwa ameitika. Huyu wako anaitwa nani?"

Watu wa foleni walishaanza kunung'unika. Mzee mmoja alisema hawa Wakenya wanadhani kila mahali ni kwao, wanataka kuruka foleni kwa makelele, na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akamuunga mkono kwa mguno mrefu. Nabalayo hakuwajali. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mashavu.

"Mwambie muuguzi unaitwa nani."

"Naitwa..." alisema Nelima.

Midomo yake ilitafuta. Ilitafuta tena.

"Mama, naitwa... naitwa..."

Akaanza kulia bila sauti. Mlango wa daktari ukafunguliwa na daktari akatoka anakausha mikono, akasema huyo binti aliyetoka sasa amepona kabisa, mwili wake baridi, hana homa hata chembe. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza binti huyo alitokea mlango gani.

Nabalayo alimrudisha Nelima nyumbani kwa bodaboda, akamlaza, akamwambia Wandera asitoke wala asimfungulie mtu yeyote. Kisha akaenda shuleni moja kwa moja. Hakwenda kufundisha. Alimkuta Akram chumba cha walimu, anakunywa chai peke yake.

"Uliisikia," alimwambia.

Akram hakujifanya haelewi. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mwalimu wa historia, mtu wa maneno machache na kinyongo kingi. "Niliisikia."

"Na ukanyamaza."

"Kiongozi wa safari ulikuwa wewe. Uliniambia kwenye ndege, mbele ya watoto, nisiingilie."

"Akram, mtoto wangu anakufa."

Aliweka kikombe chini. Hakumtazama usoni. "Ilikuwa nyuma yangu. Ilipokujibu, pumzi yake ilinigusa hapa, shingoni. Ikapita, ikakufuata wewe. Kwenye basi ilikaa kiti cha nyuma. Watoto waliipitishia biskuti. Waliiita Nelima, wakacheka nayo, na ukiwauliza leo watakwambia Nelima alikuwa nao safari nzima. Mwanafunzi mmoja aliipa fulana yake ya akiba kwa sababu eti Nelima anasikia baridi. Wewe ulikuwa mbele na dereva. Hukugeuka hata mara moja."

"Wewe uligeuka?"

"Mimi nilisoma Ayatul Kursiy mpaka Entebbe."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani.

"Wale watu walinyang'anywa majina kabla ya kushushwa pale," alisema Akram. "Walifia gizani, na tangu siku ile hakuna aliyeshuka akamwita mmoja wao. Wageni wanashuka, wanalia, wanapiga picha, wanapanda. Halafu unakuja wewe na kuita jina ambalo mwenyewe hayupo. Ungekuwa wewe ndiye uko kwenye ile kona, ungeacha kuitika?"

"Jina lina mwenyewe. Ni la mwanangu."

"Mwanao hakuitika."

Nabalayo alitamani kumpiga kofi. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na alimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa na haki. Aliondoka amemwacha na chai yake.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama na umeme ulikuwa umeshaenda. Wandera hakuwapo. Alikuwa amengoja, akachoka, akapeleka viatu vyake sokoni, na mlango ameuegesha tu. Nelima alikuwa mzima, kama kuhema kwa taabu vile ni uzima. Nabalayo alikaza komeo, akasukumia meza mlangoni, akawasha koroboi. Akampakata binti yake wa miaka kumi na minne kama anayenyonya.

Uani kukawa kimya. Redio ya jirani ikazimika. Mbwa wa mwenye nyumba, ambaye hubwekea hata kivuli chake, hakubweka.

Pah... pah... pah...

Nyayo zikakoma kizingitini. Harufu ikaingia chini ya mlango pamoja na ubaridi wake.

Hodi ikapigwa. Hodi ya adabu, ya kidole kimoja.

"Naomba kuingia, mwalimu."

Sauti ilikuwa ya Nelima. Haikusita tena. Kile kitu kilikuwa kimeizoea.

"Wewe si mwanafunzi wangu," alisema Nabalayo.

"Nipo, mwalimu."

"Nelima yuko humu ndani. Nimempakata. Ondoka."

Kile kitu kikasema tena, na safari hii hakikutumia sauti ya mtoto. Kilitumia sauti yake mwenyewe Nabalayo, ile ya darasani, kavu, isiyo na huruma.

"Aliyechelewa husimama nje."

Nelima akainuka.

Aliinuka kama mwanafunzi mtiifu aliyekosea. Macho mbele, mikono nyuma, akateremka mapajani mwa mama yake na kwenda mlangoni kutii sheria. Nabalayo alimdaka kiunoni. Yule mtoto aliyeshindwa kubeba kikombe asubuhi alimburuta mama yake sakafuni mpaka magoti yakachunika. Meza ikasogea yenyewe. Komeo likaanza kurudi nyuma taratibu, na nje kulikuwa na mtu anayehema, anayengoja zamu yake ya kuingia ndani penye taa.

"Hapana," alisema Nabalayo. Alilirudisha komeo kwa kisigino. "Sikukuita wewe. Sikukujua. Hili jina halikuwa lako na sitakupa."

Hapo kikalia.

Hakikulia kama mtoto wa shule. Kililia kama kichanga kilichotoka tumboni leo, kile kilio cha kukata, cha mtu ambaye hajui bado kama duniani kuna yeyote. Kila kilipolia, Nelima alitoa pumzi. Kila kiliponyamaza kuvuta hewa, Nelima hakuvuta. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nabalayo alimtikisa, akampuliza mdomoni, akamwita, na kumwita ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana kila alipotamka Nelima kilio cha nje kiliruka kwa furaha.

Katika kuchanganyikiwa kule, kilio chenyewe ndicho kilichomkumbusha. Kwao Bungoma mtoto mchanga akilia bila kukoma, hakimbizwi hospitali kwanza. Akina bibi humchukua, wakamwita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, polepole. Akitajwa mfu aliye wake, mtoto hunyamaza. Jina hilo ndilo lake. Nelima mwenyewe alipatikana hivyo, alinyamaza kwa jina la nyanya yake, na waliokuwapo wakapiga vigelegele. Kilichokuwa mlangoni kilikuwa kinalilia jina. Basi atakitafutia jina, na dhambi ya kuwaita wazee wake kwa ajili ya mgeni ataijibu mbele ya safari.

Aliketi na mgongo mlangoni, mwanawe kifuani.

"Nasambu," alinong'ona. Shangazi yake, aliyekufa na uvimbe.

Kilio hakikukoma.

"Namarome."

Kilizidi.

"Nafuna... Khakasa... Nekoye..."

Aliwaita wote. Aliwaita bibi zake wa pande zote mbili, na wake wenza wao. Aliwaita watoto waliozaliwa wafu wakapewa majina ya haraka kabla ya kuzikwa. Akaingia kwa wanaume, akawamaliza. Ukoo mzima ulipita mlangoni pale na hakuna hata mmoja aliyekubaliwa. Kilio kilimkataa kila mfu. Kwapa la Nelima lilikuwa limepoa. Mkono wake ulioshika kola ya mama yake ulilegea, kidole kimoja kimoja.

Jina lilibaki moja.

Alilijua tangu alipoanza kuita, na alikuwa amewapitisha wote wale kusudi asilifikie. Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana. Majina yanayoitwa katika kazi hii ni ya wafu peke yao. Bibi yeyote wa Bungoma angemziba mdomo.

Akamtazama mtoto wake.

"Nabalayo," alisema.

Kilio kikakatika.

Hakuna kilichofuata. Hakuna jibu, hakuna hodi. Baada ya kitambo nyayo ziliondoka kizingitini, bila haraka, zikazunguka nyumba kuelekea upande wa jiko, kibanda kilichoungana na chumba chao. Kifuani mwake Nelima alivuta hewa kwa mkoromo, akakohoa, akavuta tena. Redio ya jirani ikarudi, mtu akacheka uani, na Nabalayo akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

"Nelima," aliita, akiogopa jibu.

"Naam, mama."

Hakuna furaha aliyowahi kuijua iliyoikaribia ile. Alimwita tena na tena kama mwendawazimu, na kila mara mtoto aliitika, mpaka akaanza kununa kwamba ameshaitika. Walilala wamekumbatiana.

Asubuhi kulikuwa na jua. Wandera alikuwa amerudi, amelala chumba cha pili, anakoroma. Nelima aliamka na njaa ya wiki nzima, akakaa mkekani na chapati mbili na kikombe cha chai, anasimulia ndoto yake huku amejaza mdomo. Nabalayo alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama tu anavyotafuna. Alijiambia magoti yatapona. Alijiambia labda yamekwisha.

Zubaida alikuja mlangoni na sahani ya sambusa iliyofunikwa kitambaa. Alisikia mtoto amepona, hakutaka kuja mikono mitupu.

"Mwalimu Nabalayo," aliita. "Uko ndani?"

Nabalayo alifungua kinywa.

"Nipo," ilisema sauti jikoni.

Haikuongeza mwalimu.

Uso wa Zubaida ukachangamka. Akavua kandambili, akaingia, akapita kando ya Nabalayo bila kumtazama, akavuta kidogo gauni lake kama mtu anayekwepa kiti. "Mungu mkubwa, mama Nelima," alisema akielekea jikoni. "Jana nasikia mtoto analia hapa, naogopa hata kutoka."

"Zubaida," alisema Nabalayo. "Niko hapa."

Zubaida alikuwa anasikiliza jikoni. Aliitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, ndiyo, hata yeye alifikiri hivyo.

"Zubaida. Nelima. Nelima, mwanangu, nitazame."

Nelima aliacha kutafuna. Alitazama pale mama yake alipokuwa ameketi, na kipaji cha uso wake kikajikunja kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alitaka kusema nini. Nabalayo alimgusa mkono. Mtoto alijikuna mahali pale alipoguswa.

Jikoni mtu alisema jambo la kuchekesha kwa sauti ya darasani. Zubaida akaangua kicheko. Nelima naye akacheka, sura yote ikafunguka.

"Mama, niongezee chai," alisema, akanyoosha kikombe upande wa jikoni.

Na mkono ukatoka ukakipokea.